Wanafunzi wanaandika Kiingereza, lakini wanamwandikia nani?

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanazijua nyakati zote kwa majina na hujaza nafasi zilizoachwa wazi bila shida. Lakini nikiwaambia wamwandikie mtu wa nje ujumbe mfupi kwa Kiingereza, wanakwama, au wananakili mfano wa barua uliomo kitabuni. Nimesikia kwamba blogu inaweza kuwasaidia kuzoea kuwasiliana mtandaoni, ingawa baadhi ya wenzangu wanapendekeza kundi la WhatsApp. Tuna kompyuta 12 zinazofanya kazi, na darasa lina wanafunzi 60. Je, jambo hili linatufaa? Kama linafaa, nianzie wapi?"

Mwalimu, linafaa, ila kwa sharti moja ambalo nitalishikilia katika jibu hili lote: blogu hiyo lazima iwe na msomaji anayeisubiri na atakayejibu. Msomaji huyo asipokuwepo, wanafunzi wako watakuwa wamehamisha insha kutoka kwenye daftari kwenda kwenye skrini, gharama ya bando itakuwa imeongezeka, na tatizo ulilonieleza litabaki pale pale.

Nasema hivyo kwa sababu tatizo lenyewe, kwa jinsi ulivyolieleza, si la sarufi. Vijana hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wameingia sekondari wakakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na tangu siku hiyo kila walichoandika kwa lugha hiyo wamemwandikia mtu mmoja tu, yaani mwalimu, ambaye tayari anajua wanachotaka kusema na anatafuta makosa. Mwanafunzi akiandika kwamba Jumamosi walikula ugali na mlenda msibani kwa jirani, wewe wa Morogoro unaelewa kila kitu, unasahihisha wakati wa kitenzi, unaendelea na daftari linalofuata. Hakuna aliyemuuliza mlenda ni nini, wala watu hufanya nini msibani, wala kwa nini jirani analishwa na jirani. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa "unamaanisha nini?" na msomaji wake hawezi kujifunza kupima kile ambacho msomaji anakijua na kile asichokijua, na kupima huko ndiko kiini cha mawasiliano ya maandishi, yawe ya barua au ya mtandaoni.

Mtaalamu wa lugha wa Kanada, Merrill Swain, alilieleza jambo hili mwaka 1985. Aliwachunguza watoto waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa ilhali nyumbani wanaongea Kiingereza. Baada ya miaka ya kusikiliza na kusoma, watoto hao walikuwa wanaelewa Kifaransa vizuri sana, lakini kuzungumza na kuandika kwao kulikuwa nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba kuelewa peke yake hakutoshi. Mwanafunzi anahitaji kusukumwa atoe lugha inayoeleweka kwa mwingine, maana hapo ndipo anapogundua kwamba neno alilolidhani analo hana, au sentensi aliyoiona inatosha haitoshi. Hali ya watoto hao inafanana mno na ya wanafunzi wa sekondari wa Tanzania, na ndiyo maana mimi huiona blogu kuwa chombo cha kumpatia mwanafunzi mtu wa kumsukuma kwa maswali ya kweli.

Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko intaneti. Katika miaka ya 1920, mwalimu Mfaransa Célestin Freinet, aliyekuwa akifundisha kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliweka mashine ndogo ya kupigia chapa darasani, watoto wakachapa habari zao wenyewe, na kuanzia mwaka 1926 wakabadilishana kurasa hizo na shule ya Trégunc iliyoko Brittany, upande wa pili wa nchi. Watoto wa milimani walilazimika kuwaeleza watoto wa pwani mambo ambayo kijijini kwao hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka 1988 mtandao wa iEARN ulianza kwa kuunganisha shule za Moscow na za jimbo la New York kwa kompyuta, kwa lengo hilo hilo. Huduma ya Blogger ilipofunguliwa mwaka 1999, na programu ya WordPress ilipotoka mwaka 2003, walimu wa lugha walizipokea upesi kwa sababu mtu asiye fundi wa kompyuta aliweza sasa kuchapisha ukurasa na kupokea maoni chini yake.

Tangu mwanzo walimu hao walitofautisha aina tatu za blogu za kufundishia lugha: ile anayoandika mwalimu ili wanafunzi wasome na kutoa maoni, ile ambayo darasa zima linaandika kwa pamoja, na ile ambayo kila mwanafunzi anakuwa na yake. Kwa hali yako chagua ya pili bila kusita. Blogu 60 za watu binafsi hutaweza kuzisoma, na nyingi zitakufa kabla ya likizo ya Juni kwa kukosa wasomaji. Blogu moja ya darasa inakusanya wasomaji mahali pamoja, na ina mlango mmoja tu wa kuulinda.

Sasa nije kwenye suala la msomaji, ambalo ningependa ulitafutie ufumbuzi kabla hata ya kuwasha kompyuta. Walimu wengi hufikiri kwamba msomaji anayefaa ni Mwingereza au Mmarekani. Mimi sikubaliani nao. Mwanafunzi wa kidato cha pili akijua kwamba anasomwa na mwenye lugha yake, hofu inamshika na anarudi kwenye ile barua ya kitabuni. Na yule mwenye lugha, kwa wema wake, mara nyingi huishia kusifu au kusahihisha. Msomaji bora kwa kiwango hiki ni darasa lingine linalojifunza Kiingereza na ambalo halina lugha nyingine ya kuwasiliana na wanafunzi wako. Hapo Kiingereza kinahitajika kweli, na pande zote mbili zinakosea bila aibu. Wanafunzi wako wakiandikiana wao kwa wao, kila mmoja anajua kwamba jambo lile lingesemwa kwa Kiswahili kwa nusu ya muda, kwa hiyo Kiingereza kinageuka kuwa mchezo wa darasani.

Kwa shule ya Tanzania ningelianza kutazama Msumbiji. Wao wanasoma kwa Kireno na wanafundishwa Kiingereza sekondari kama lugha ya kigeni, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, na mwaka wao wa masomo unaanza mwanzoni mwa mwaka kama wetu, tofauti na shule za Ulaya ambazo huanza Septemba na kufungwa Julai na Agosti, wakati ambapo sisi tuko darasani katika muhula wa pili. Zaidi ya hayo, maisha yanakaribiana kiasi cha kuwapa watoto la kuzungumza, na yanatofautiana kiasi cha kuzaa maswali. Mwanafunzi wako akijitahidi kumweleza mwenzake wa Nampula kwamba "ugali is a stiff food we make from maize flour and hot water", kuna uwezekano mkubwa akajibiwa kwamba chakula hicho wao wanakiita xima, na swali litakalofuata litakuwa la kweli kabisa: mnakila na nini, mnatumia unga wa mahindi au wa muhogo, nani anasonga. Maswali kama hayo hayamo katika zoezi lolote la kitabuni. Mwalimu mwenzako unaweza kumtafuta kupitia iEARN au kupitia vyama vya walimu wa Kiingereza vya nchi husika. Mkishapatana, kubalianeni kwa maandishi juu ya mambo mawili: siku ya wiki ambayo kila upande utasoma, na muda usiozidi ambao chapisho litakaa bila maoni. Mimi ningependekeza siku saba. Mtoto aliyeandika na kukaa wiki tatu bila kujibiwa haandiki tena kwa moyo ule ule.

Wakati unatafuta darasa la pili, anza kwa karatasi. Kila mwanafunzi aandike aya moja juu ya karatasi iliyoachwa nusu tupu chini, mzibandike ukutani, na wenzake waandike maoni yao katika ile nafasi, kwa jina, kwa Kiingereza. Mwandishi arudi kesho yake ajibu. Walimu wa nchi mbalimbali wametumia njia hii, na faida yake ni kwamba hutumii umeme wala bando kufundisha kitu ambacho wanafunzi hawana kabisa, nacho ni namna ya kutoa maoni. Kila mtu hufikiri kwamba kuandika chapisho ndiyo kazi, na maoni ni nyongeza. Kwa anayejifunza lugha, mambo ni kinyume. Chapisho ni insha kwa kiasi kikubwa. Maoni ndiyo mazungumzo, kwa sababu ndani yake mtu anasoma, anaelewa, anachagua la kujibu, na anasubiri kujibiwa.

Utakachokiona ukutani siku ya kwanza ni "Nice post" na "Keep it up", zimeandikwa mara kadhaa na watu tofauti. Usiwakaripie. Wape utaratibu wa mambo matatu: shika jambo moja alilolisema mwandishi, weka lako linalohusiana nalo, kisha uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Tuseme mwandishi ameeleza jinsi bibi yake anavyokausha samaki juu ya bati. Maoni yenye uzito yangeweza kuwa haya: "You said your grandmother dries the fish on the roof. My aunt smokes them over a fire. How does your grandmother keep the crows away?" Sentensi tatu fupi, Kiingereza cha kawaida kabisa, lakini mwandishi hawezi kuzijibu bila kufikiri na bila kutunga sentensi mpya ambayo hajainakili popote. Zoezi hilo likikaa, umeshapiga hatua kubwa kuliko utakayoipata kwa kompyuta yoyote.

Hapa pia ndipo pa kufundisha adabu ya maandishi ya mtandaoni, ambayo inawapa shida wanafunzi wetu kwa namna ya pekee. Kwetu kumvamia mtu na hoja bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na shuleni tumewafundisha barua inayoanza kwa "I hope you are fine and going on well with your studies". Matokeo yake ni kwamba maoni ya maneno 30 yanamalizika kwa salamu na hoja haijaanza. Usiwaambie kwamba salamu ni kosa, kwa sababu si kosa. Waonyeshe kwamba katika maoni, "Hi Ana" na alama ya mkato inatosha kuwa salamu kamili, na kwamba heshima kwa msomaji wa mbali inaonekana zaidi katika kusoma alichoandika hadi mwisho. Jambo la pili ni namna ya kuomba. Kiswahili kina "naomba", nayo inalainisha kila kitu. Mwanafunzi akiifikiria kwa Kiswahili na kuiandika kwa Kiingereza, huishia na "I want you to tell me" au "Give me", ambazo msomaji wa mbali atazisikia kama amri. Afundishwe "Could you tell me" mapema, tena aizoee hadi imtoke bila kufikiri. La tatu ni kupinga. Mwanafunzi anayeandika "You are wrong" mara nyingi hana ugomvi na mtu, ila hana sentensi nyingine. Mpe "I see it differently, because", na umwekee sharti kwamba baada ya neno la mwisho lazima kuwe na sababu.

Kuhusu mada, ushauri wangu ni mfupi: acha kabisa zile za umuhimu wa elimu, madhara ya dawa za kulevya, na shule yangu. Si kwamba mambo hayo hayana maana, bali hayana msomaji. Mwenzao wa Nampula ameyaandika mwenyewe mara nyingi na hana la kuuliza. Tafuta jambo ambalo mwanafunzi analijua kwa kulifanya au kuliona, na ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Mvuno wa mpunga Kilombero. Namna ya kupata nafasi kwenye daladala Msamvu jioni. Biashara ya mama ya vitumbua, kuanzia kuloweka mchele hadi kurudisha mtaji. Safari ya Dar es Salaam kwa basi ilivyokuwa, na ilivyo tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mada kama hizi zina hatua, zina majina ya vitu ambayo hayana Kiingereza cha moja kwa moja, na zinamlazimu mwandishi kueleza.

Sasa kompyuta 12 na wanafunzi 60. Hesabu hiyo ni nzuri kuliko unavyodhani. Gawa darasa katika vikundi 12 vya watu watano, na kila kikundi ukipe jina la mahali, kwa mfano Uluguru, Mindu, Ngerengere, Mikumi. Kila wiki mmoja katika kikundi ni mwandishi na wanne ni watoa maoni; wiki inayofuata zamu inahama. Katika wiki tano kila mwanafunzi atakuwa ameandika chapisho moja na kutoa maoni mara nne, uwiano ambao mimi nauona ndio unaofaa hata kwa shule yenye kompyuta kwa kila mtoto. Chapisho lisizidi maneno 150, na maoni yasizidi 40. Rasimu zote ziandikwe kwenye daftari siku mbili kabla, ili vipindi viwili mfululizo vya chumba cha kompyuta, yaani dakika 80, visitumike kufikiri nini cha kusema bali kuchapa na kusoma. Mwandishi akipewa dakika 20 na kila mtoa maoni dakika 10, zinabaki dakika 20 za kusoma maoni kutoka nje na za dharura ya mtandao kukata. Siku umeme usipokuwepo, somo linarudi ukutani kwa karatasi, na hakuna kilichopotea.

Umenigusia kwamba baadhi ya wenzako wanapendekeza kundi la WhatsApp badala ya blogu. Nisingekubali. Kundi linaonyesha namba za simu za watoto kwa kila aliyemo, shule nyingi zinakataza wanafunzi kuwa na simu, na mazungumzo yake yanakwenda kwa kasi ambayo mwanafunzi dhaifu hawezi kuifuata: anapomaliza kutunga sentensi yake, wengine wako mada ya tatu. Blogu inamsubiri. Maoni yanabaki chini ya chapisho husika, na anayehitaji siku mbili kujibu anazipata.

Nakuja kwenye makosa, na hapa nakuomba uvumilivu kwa sababu ndipo walimu wazuri wanapoharibu kazi nzuri. Mwaka 1996 John Truscott aliandika hoja kali kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha hakuwasaidii na kunaweza kuwadhuru. Mwaka 1999 Dana Ferris akampinga, akasema kwamba masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na kuelezwa wazi yana faida. Mjadala huo haujaisha. Kwa upande wangu, naamini kwamba katika blogu kosa la kushughulikiwa kabla ya kuchapisha ni lile tu linalompoteza msomaji. Mwanafunzi anapoandika "My mother sells vitumbua and he wakes up at four", msomaji wa Nampula atafikiri wako watu wawili, mama na mwanamume fulani anayeamka saa kumi alfajiri. Sababu unaijua: "yeye" wa Kiswahili hatofautishi mwanamke na mwanamume. Kosa hilo rekebisha pamoja naye kwenye daftari. Lakini kukosekana kwa "the" mahali fulani, au "informations" badala ya "information", liache lipite, liandike pembeni, na Ijumaa uchague kosa moja tu lililojitokeza kwa wengi ulifundishe darasani bila kumtaja mtu.

Katika nafasi ya maoni yenyewe, wewe uwe msomaji. Mtoto akiandika "Yesterday we go to the farm and plant beans", usimwekee sahihisho mbele ya wageni, mjibu, "So you went to the farm yesterday! Who planted with you, and what did you do when the rain started?" Umbo sahihi amelisoma, anajua umemwelewa, na ana swali la kujibu. Wengine hulinasa umbo hilo mara moja, wengine huchukua muda, lakini hakuna anayeacha kuandika kwa sababu hiyo, na kwangu hilo ni muhimu kuliko kitenzi kimoja.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo siku hizi huwezi kulikwepa: chapisho lililoandikwa na programu ya akili mnemba au lililotafsiriwa lote kwa mashine. Utalitambua kwa jinsi lilivyo laini na tupu. Marufuku peke yake haifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni mpangilio niliokueleza, yaani rasimu ya mkono kwenye daftari, mada inayotoka nyumbani kwa mwandishi, na maswali ya wasomaji ambayo yeye peke yake ndiye mwenye majibu. Msomaji akiuliza kunguru wanafukuzwaje kule juu ya bati, mashine haijui bibi anafanyaje. Kutafuta neno moja moja kwenye kamusi au kwenye mashine ya kutafsiri sioni ubaya wake, mradi mwanafunzi aweze kukusomea sentensi yake na kukueleza kila neno lililomo.

Upande wa sheria na usalama, fanya mambo haya kabla ya chapisho la kwanza. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizowataka wenye blogu kusajiliwa na kulipia leseni. Mwaka 2020 zikatungwa nyingine badala yake, na hizo zikarekebishwa mwaka 2022. Kwa hiyo mkuu wa shule aiandikie Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), aeleze kwamba ni zoezi la darasa, na apate jibu la maandishi linalolingana na kanuni zinazotumika sasa. Mimi nashauri blogu iliyofungwa, isiyoonekana kwa umma, inayosomwa na madarasa mawili na wazazi tu. WordPress inakuruhusu kulifunga chapisho kwa neno la siri, na Edublogs, huduma iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya shule na inayotumia WordPress, inamwezesha mwalimu kuwasimamia waandishi wake mwenyewe. Weka mpangilio wa maoni yote kupita kwako kwanza. Fungua akaunti kwa jina la kikundi, si la mtoto: aliyeandika ajulikane kama Amina wa Mindu, bila jina la ukoo, bila picha ya uso, bila jina la mtaa anaoishi. Wazazi watie sahihi fomu fupi ya Kiswahili inayoeleza nini kitachapishwa na nani atakisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeanza kutumika Mei 2023, inaihusu shule kama inavyoihusu benki. Na wanafunzi waambiwe waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba mtu yeyote akiwaomba namba ya simu au picha kupitia blogu hawamjibu, wanakuletea wewe.

Mtaaluma wa shule atakuuliza mambo haya yote yanaongeza nini kwenye mtihani. Mwonyeshe kwamba mtihani wa kidato cha nne unadai utungaji, na kwamba mwanafunzi aliyezoea kuulizwa maswali na wasomaji huanza kuyajibu kabla hajaulizwa, jambo linaloonekana katika urefu na mpangilio wa insha yake. Alama usizitoe kwa idadi ya machapisho. Toa kwa mazungumzo yaliyokamilika, yaani chapisho lililoulizwa swali, likajibiwa na mwandishi, na jibu likaeleweka. Mwanafunzi mwenye chapisho moja lililozaa mazungumzo ya zamu nne amefanya zaidi ya mwenye machapisho matano yasiyoguswa.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza lakini litakukuta. Darasa la pili litanyamaza. Mwalimu wake atahamishwa, au mitihani itawabana, au mtandao wao utakatika mwezi mzima. Ili lisikukute mikono mitupu, andaa wasomaji wa akiba tangu Januari: wanafunzi wa kidato cha tano wa shule ya jirani, wanachuo walioko mazoezini, au ndugu wa wanafunzi wanaoishi nje ya nchi ambao wazazi wamewaridhia. Kila mmoja apewe vikundi viwili tu vya kusoma na maelekezo ya mistari mitatu: uliza, usisahihishe, jibu ndani ya siku saba. Darasa la Msumbiji likirudi, vikundi vinarudi kwao, na wale wa akiba wanapumzika hadi watakapohitajika tena.